Nani Atasema Ndiyo kwa Mtoto Mgonjwa wa Akili?

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya ndoa, mahari, majina ya watoto, ngoma na mazishi. Mimi ninaomba nafasi ya kuandika juu ya jambo ambalo wazee wetu walilijua sana lakini hawakuliandika popote. Mtoto akiugua kichwa, ni nani mwenye haki ya kukubali atunzwe, na atunzwe wapi? Baba? Mama? Ukoo? Mchungaji wa chumba cha maombi? Munganga? Au mtoto mwenyewe?

Swali hili sikulitafuta. Lilinikuta darasani. Ninafundisha historia na elimu ya uraia, na katika somo hilo la pili ninawaeleza vijana haki zao kila mwaka, kwa chaki, kama vile mtu anaeleza mito ya Kongo. Mwanzo wa 2023 nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 16, katika mwaka wa tano. Jina lake nitaliacha. Alikuwa ametoka Rutshuru mwaka uliotangulia, wakati wa vita. Baba yake alipotelea njiani, mama yake alibaki Kiwanja na watoto wadogo, na yeye alipokelewa hapa Goma na baba yake mdogo, katika nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, sawa nyumba zetu nyingi.

Yule kijana aliandika vizuri. Kisha akaanza kuandika jina lake tu na kupasua karatasi. Mvua ikipiga mabati aliingia chini ya dawati, wenzake wakacheka. Baadaye hakucheka mtu tena. Siku moja alinisubiri nje, akaniambia: “Mwalimu, mimi siko na pepo. Niko mugonjwa. Sijalala siku mingi. Unipeleke kule banatunzaka batu ya kichwa.”

Ninaomba usome tena maneno hayo. Mtoto wa miaka 16 anajua kwamba ni mgonjwa, anajua ugonjwa uko wapi, anajua anataka nini. Wakubwa wangapi wanafika hapo?

Nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho mwalimu mwenye akili timamu anafanya: nilimwambia aende kuleta mzazi. Nilijua baba mdogo na mke wake walikuwa wamekwisha mpeleka mara moja katika chumba cha maombi. Baada ya mimi kumrudisha nyumbani, walimpeleka tena, na mara hii alikaa siku tisa akifungishwa chakula, juu waliambiwa kwamba roho ya baba yake inamfuata. Sisemi mabaya juu ya maombi. Mimi mwenyewe ninasali. Lakini kijana alitoka kule bila nguvu ya kusimama, na hizo siku tisa ziko kwenye hesabu yangu pia.

Basi nikaenda naye mimi mwenyewe katika kituo kimoja cha afya, kunako msaidizi wa mambo ya kisaikolojia, wale tunaowaita APS. Mama yule alitupokea vizuri. Swali lake la kwanza lilikuwa: “Mzazi iko wapi? Bila mzazi siwezi fungua dosiye.” Nikamjibu kwamba baba mdogo yuko. Akauliza kama ana karatasi inayoonyesha kwamba yeye ni mlezi. Karatasi gani? Kwetu baba mdogo ni baba. Hakuna mtu anayempa karatasi kwa ajili ya jambo analozaliwa nalo. Lakini katika dosiye, baba mdogo anaandikwa kwa Kifaransa kuwa mjomba tu, mtu wa pembeni.

Hapa ndipo nilipoona kwamba sheria na desturi hazigombani mahali tunapodhani. Tunasema sheria inamtetea mtoto na desturi inamkandamiza, au tunasema kinyume, kutegemea tuko kwenye semina ya nani. Nilipozisoma zote mbili polepole niliona zinafanana sana katika jambo moja: zote zinajua vizuri ni mkubwa gani aulizwe.

Tuanze na sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 41, inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iliongeza adhabu: anayemshitaki mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka mmoja mpaka mitatu na kulipa faini. Sheria hiyo pia inasema faida ya mtoto itangulie katika kila uamuzi unaomhusu, na kwamba mtoto ana haki ya kutoa mawazo yake, yapimwe kufuatana na umri na ukomavu wake. Ni mawazo yale yale ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliukubali mwaka 1990. Lakini Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamweka mtoto chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja mpaka akomae. Sheria ya pekee juu ya matibabu ya akili, sawa ile ya Tanzania ya 2008 au ya Uganda ya 2018, sisi hatuna. Kwa hiyo yule APS hakuwa na kosa. Alikuwa na mlango mmoja, na funguo ya mlango huo ni mzazi. Haki ya kijana ya kutoa mawazo iko imeandikwa, lakini kutoa mawazo si kufungua mlango.

Na ajabu ni kwamba sheria zetu zinajua kumwita mtu wa saikolojia wakati korti inamhitaji. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inalazimisha mwendesha mashitaka au juji kumwita munganga na mwanasaikolojia ili wapime hali ya aliyetendewa. Yaani mtoto akiwa sehemu ya kesi, roho yake inapimwa mara moja. Akiwa mgonjwa tu, asubiri baba.

Desturi sasa. Vijana wengi wanadhani wazee walimwachia ukoo uamuzi kwa sababu hawakumjali mtoto. Si hivyo. Kabla ya ndoa, kwa Wanande, kwa Wahunde, kwa Wahavu, kwa Wahutu na Watutsi wa huku, jamaa ilitumwa kuchunguza jamaa nyingine: kuna kifafa? kuna ukoma? kuna wazimu? Jibu likiwa ndiyo, si yule mgonjwa peke yake aliyekosa mchumba, bali dada zake na wadogo zake wote. Basi ugonjwa wa kichwa haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa mali mbaya ya ukoo mzima, na ukoo mzima ulikaa kuuamua: kama ataitwa mfumu, kama atafichwa, kama atapelekwa kwa wajomba mbali. Wazee walisema mficha uchi hazai, na wao wenyewe walificha. Baba anayekataa leo kumpeleka binti yake Tulizo Letu mara nyingi haogopi dawa. Anaogopa jirani atakayemwona kwenye mlango.

Ninataja Tulizo Letu juu ni kituo cha pekee tunachopaswa kujivunia. Kinaendeshwa na Bafrère wa Charité, shirika lililoanzishwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, ambalo pia lina Sosame kule Bukavu na Ndera upande wa Rwanda. Waliokipa jina hilo la Kiswahili walifikiri vema: hawakusema nyumba ya wazimu, walisema tulizo, tena letu. Lakini sikiliza wanafunzi wakitukanana kwenye uwanja wa shule, utajua hilo jina zuri limekuwa nini mdomoni mwa watu.

Narudi kwa umri. Sheria inasema miaka 18. Desturi haikuhesabu miaka. Kwa Wanande kijana alitoka utoto kwa kupita olusumba, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Kwingine ilikuwa ndoa, au kujenga nyumba yake. Mtu wa miaka 30 bila nyumba alibaki mtoto kwenye baraza. Basi mtu akiniambia kwamba desturi inampa mtoto sauti, ninamuuliza: wapi?

Na hapo, kwa haki, lazima nijijibu mwenyewe, juu mahali papo. Wanyanga wa Walikale wana hadithi ya Mwindo. Profesa Daniel Biebuyck aliirekodi mwaka 1956 kutoka kwa mzee Candi Rureke, na alipoichapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, dunia nzima ikaisoma. Wengi wetu tunaijua kama hadithi ya mapigano na maajabu. Mimi ninaisoma kama hadithi ya mtoto na baba. Shemwindo hataki mtoto wa kiume, na anapozaliwa anajaribu kumuua. Mtoto anazaliwa akitembea na akisema. Anakimbilia kwa shangazi yake, Iyangura. Na mwisho, baada ya vita vyote, wanakaa mbele ya watu wote: baba anasema kosa lake kwa mdomo wake, shangazi anasema yake, na mtoto anasema yake. Kisha ufalme unagawanywa. Wazee waliotunga hadithi hiyo hawakuwa wajinga wa mambo ya nyumbani. Walijua kwamba baba anaweza kukosea juu ya mtoto wake, tena kwa hatari ya kifo, na walijua dawa yake: mtu wa tatu wa damu ile ile, na baraza ambamo mdogo anasikiwa.

Huyo mtu wa tatu tunaye bado. Ni shangazi, ni mjomba, ni nkoko ambaye mtoto anaweza kumtania na kumwambia yale asiyothubutu kumwambia baba. Desturi ilimpa mtoto mahali pa kukimbilia kabla sheria haijaunda tribunali ya watoto mwaka 2009. Na ukinilazimisha kuchagua, kwa mtoto asiyelala usiku ninamchagua shangazi, kwani tribunali ni mbali, na tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 njia ya kufika mbele ya juji imekuwa ngumu zaidi. Ubaya ni kwamba shangazi huyo hana sauti kwenye karatasi ya hospitali.

Sasa nisikilize na upande wa wazazi, maana nimewakosea wengi kwa kuwadhania ujinga. Nilipomwendea baba mdogo wa yule kijana, nilikuwa nimejitayarisha kupambana na mambo ya pepo. Nilitayarisha hata vipengele vya sheria. Yeye aliniuliza neno moja: “Mwalimu, nikisinya ile karatasi, nani atalipa?”

Sikuwa na jibu. Huku kwetu mgonjwa ambaye hajalipa haachiwi kwenda nyumbani, na anayeshikwa ni yule aliyetia sahihi. Vitabu vya Ulaya vinasema ruhusa ya mgonjwa ni alama ya uhuru wake. Kwa mtu anayesukuma chukudu ya wengine toka asubuhi, sahihi ni deni. Alikataa kutia sahihi kama vile mtu mwaminifu anakataa kukopa pesa ambazo hatazirudisha. Tena aliongeza jambo la pili, ambalo linaniuma mpaka leo. Alisema mashirika yanakuja na magari, yanawaita watoto, yanawaambia wana traumatisme, yanawachoresha picha, na baada ya miezi sita mradi unaisha. Mtoto anabaki na jina la ugonjwa bila mtu wa kumtunza. “Wao banaenda. Mimi ndiye nabakia naye.”

Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kumpa mzazi neno: si kwamba mtoto ni mali yake, bali ni yeye atakayeamka usiku. Ninaikubali. Lakini ukiikubali hivyo, inakata pande zote mbili. Kama neno la mzazi linatoka kwenye mzigo anaoubeba, basi mzazi anayekataa kubeba, au asiyeweza, hawezi kubakia na neno peke yake. Na mtoto, ambaye anabeba ugonjwa wenyewe mchana na usiku, mzigo wake ni mdogo kuliko wa nani?

Nchi nyingine zimejaribu kujibu. Sheria ya Kenya ya 1989, ilipoandikwa, iliweka miaka 16: aliyeifikia aliweza kuomba mwenyewe apokelewe katika hospitali ya akili, na mdogo zaidi aliombewa na mzazi au mlezi. Afrika ya Kusini, katika sheria ya watoto ya 2005, ilishuka mpaka miaka 12, kwa sharti kwamba mtoto awe na ukomavu wa kuelewa faida na hatari za matibabu. Uingereza, mwaka 1985, katika kesi ya mama mmoja aitwaye Gillick, majuji wakuu walisema mtoto wa chini ya miaka 16 anayeelewa vizuri anaweza kukubali mwenyewe. Ubelgiji, ambako tumerithi sheria nyingi, iliandika mwaka 2002 kwamba wazazi wanasema kwa niaba ya mtoto, lakini yeye ashirikishwe, na akionekana ana uwezo wa kupima mambo yake, atumie haki zake mwenyewe.

Mimi sipendi sana kuhesabu miaka. Nimeona watoto wa miaka 12 kwenye barabara ya Sake wakilea wadogo watatu, na nimeona wa miaka 20 wasioweza kuamua wavae nini. Ninachoona ni kwamba ndiyo na hapana za mtoto hazina uzito mmoja. Mtoto anapokuja mwenyewe kuomba kutunzwa, anapaswa kupokelewa siku hiyo hiyo, asikilizwe, apewe mahali pa kulala kama inafaa, na wazazi watafutwe wakati yeye yuko ndani, si wakati anangojea nje. Kuongea na APS hakujaua mtu. Sindano na vidonge ni jambo lingine, na hapo ninakubali mkubwa awepo, mkubwa yeyote wa jamaa anayekaa naye kweli, awe shangazi au baba mdogo, bila kuulizwa karatasi asiyoweza kuwa nayo.

Hapana yake ni ngumu zaidi. Msichana wa miaka 15 anakataa dawa na anataka kutoka usiku kwenda ziwani. Utamwachia kwa sababu amesema hapana? Hata mkubwa tungemshika. Wazee walimfunga mgonjwa kamba wakilia, na sitasema walimchukia. Lakini kumshika mtu ili asife leo si sawa na kutomuuliza kitu mwaka mzima. Kesho yake asubuhi, akitulia, aelezwe alifanyiwa nini, na aulizwe. Katika vyumba vya maombi hawamuulizi. Na katika hospitali je?

Mwisho wa habari ya kijana ni huu. Tulimpata mama yake kwa simu, kule Kiwanja, siku ambayo mtandao ulikubali. Barabara ilikuwa imekatika tangu vita vya Oktoba 2022. Tuliweka simu juu ya meza, sauti kubwa, mbele ya APS, baba mdogo na mimi. Mama alilia, kisha akasema anakubali mtoto wake atunzwe. Baba mdogo alitia sahihi baada ya walimu kadhaa kuchanga pesa za mwezi wa kwanza. Kijana alitunzwa. Polepole alianza kulala. Akarudi darasani, akapitia mwaka.

Miezi kadhaa baadaye nilimwambia, kwa kujisifu kidogo, namna gani tulipambana kwa ajili yake. Akaniangalia. “Mwalimu, asante. Lakini siku ile bote mulisema juu yangu, mama kwa simu, baba mudogo, na weye. Mimi nilikuwa kwa kiti. Hakuna mwenye aliniuliza.”

Ilikuwa kweli. Yule aliyekuwa wa kwanza kusema ndiyo, peke yake, kabla yetu sisi wote, hakuulizwa.

Mwaka 2024 alifikisha miaka 18, na dawa zake akawa anazifuata mwenyewe na kutia sahihi mwenyewe. Baada ya siku zile za Januari 2025 aliteseka tena kidogo, sawa mji wote ulivyoteseka, lakini alijua aende wapi. Juzi alikuja kwangu nyumbani. Mdogo wake wa kike, wa miaka 14, sasa anaishi naye hapa Goma, na kwa wiki tatu hasemi karibu neno, anakaa tu akiangalia mlango. Alitaka kujua nani atatia sahihi: yeye kama kaka, baba mdogo, au watafute mama tena kwa simu.

Nilimuuliza: “Na yeye mwenyewe anasema nini?”

Alinyamaza. Alikuwa hajamuuliza.